Akijua kusoma, usiache kumsomea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wazazi kuhusu jambo linalokatishwa mapema mno: kumsomea mtoto kwa sauti. Wengi huanza vizuri mtoto akiwa mdogo. Akishajua kusoma, humwachia kitabu na kusema sasa amekua. Wanaacha wakati mtoto bado anawahitaji sana.

Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa. Mtoto akishazishika silabi anaweza kutamka "alighafilika" bila kukwama, na asijue maana yake. Mzazi akisikia sauti inavyotiririka huridhika. Mwambie akusimulie kwa maneno yake kilichotokea kwenye ukurasa huo, ndipo utajua alichoelewa. Kwa miaka kadhaa ya shule ya msingi, mtoto huelewa kwa kusikia mambo mazito kuliko anayoweza kuyasoma peke yake, kwa sababu anaposoma mwenyewe nguvu nyingi huishia kwenye kuunganisha silabi. Ukimsomea, kazi hiyo unaifanya wewe, naye anafuata kisa na kuokota msamiati. Msamiati huo haupatikani kwa urahisi kwingine, maana mazungumzo ya nyumbani, hata yawe mengi, huzunguka maneno yaleyale ya kula, kuoga na kulala.

Kuanza nako kusicheleweshwe. Mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri watoto wasomewe tangu uchanga. Kwa mtoto mchanga, dakika 2 au 3 zinatosha, na akikitia kitabu mdomoni usimgombeze. Wa miaka 3 hadi 5 huweza kutulia dakika 10 hivi, wengine zaidi. Akianza kufurukuta, funga kitabu.

Namna ya kusoma ndiyo yenye uzito. Kaeni ubavu kwa ubavu, wote mkiuona ukurasa, na mara mojamoja pitisha kidole chini ya maneno, kwani mtoto akiachwa macho yake hubaki kwenye picha. Kisha uliza swali lisilojibika kwa ndiyo au hapana: "Unadhani kwa nini sungura amejificha?" Ukishauliza, nyamaza. Hapa wazazi wengi huharibu: mtoto hajafungua mdomo, wao wameshajijibu. Hesabu kimoyomoyo hadi 5. Akisema "anaogopa", mrudishie jibu lake ukiwa umelirefusha: "Ndiyo, anamwogopa fisi kwa sababu jana alimdanganya." Hivyo anasikia jinsi sentensi ndefu inavyoundwa, bila kuambiwa kwamba amekosea. Maswali 2 au 3 kwa kitabu kifupi yanatosha. Yakizidi, kisa kinakatikakatika na mtoto anajihisi yuko kwenye mtihani. Neno gumu lifafanue palepale kwa maneno machache, uendelee.

Akitaka kitabu kilekile usiku wa nne mfululizo, msomee. Mara ya kwanza anahangaika kujua nini kitatokea. Akishajua, anapata nafasi ya kuyasikia maneno yenyewe. Ruka sentensi moja uone atakavyokukatiza.

Kwa anayesoma tayari, chagua kitabu kilichomzidi kidogo, sura moja kila usiku, na simu iwe mbali. Mkipenda, pokezaneni kurasa. Asimamishwe kwa kila kosa dogo. Msahihishe pale tu maana inapopotea. Usisome kwa haraka ili umalize, kwa sababu mtoto hujenga picha kichwani, na picha huchukua muda.

Mzazi asiyejua kusoma naye asijitoe. Afungue kitabu chenye picha, asimulie anachokiona na kuuliza maswali yaleyale, au amwite mtoto mkubwa amsomee mdogo huku yeye akisikiliza na kuuliza. Mkubwa naye hunufaika, kwa kuwa akisoma bila kuelewa, mdogo wake atamuuliza swali ambalo hataweza kulijibu, na itambidi arudi kwenye ukurasa.

Mwalimu wa madarasa ya awali