Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya, Kaunti ya Lamu: mchango wa vichanga utangulie

Mheshimiwa Waziri,

Assalamu alaikum. Nakuandikia mbele ya watu kwa kuwa jambo lenyewe ni la watu wote: pesa tunazochangia watoto wachanga, na mambo ambayo mama zao hawaambiwi mapema.

Watu wa Lamu si wabahili. Mtoto akizaliwa hajatimiza miezi, alasiri haifiki ila ujumbe umeshazunguka Langoni, Mkomani na Shela, namba ya M-Pesa imewekwa, na msikitini limetangazwa. Pesa hupatikana. Shida ni kwamba wakati huo mama bado yuko Kizingitini au Kiunga, mafuta ya boti hayajanunuliwa, kusi imechafua bahari na mtoto ameshaanza kupoa. Jirani yetu mmoja mchango wake ulitimia baada ya kumzika mwanawe. Alizitoa zote sadaka.

Takwimu za kitaifa za 2022 zinasema kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai Kenya, 32 hufariki kabla ya mwaka, na 21 kati yao hawafikishi hata mwezi. Mama arubaini yake haijaisha.

Ninaloomba ni mfuko wa kudumu wa vichanga, uwe na pesa kabla ya mtoto kuzaliwa. Tangu sheria ya 2023 ya kuboresha vituo vya afya, hospitali za umma zinaruhusiwa kubaki na mapato yao na kuyatumia pale pale, kwa hiyo si lazima kila shilingi ingoje makao makuu. Hesabu ya mfuko ibandikwe ukutani kila mwezi, Lamu mjini, Faza, Mpeketoni na Witu: kilichoingia, kilichotoka, kilichonunuliwa. Marekani, shirika la March of Dimes lilianza 1938 kwa watu kutuma sarafu za senti kumi kwa Rais Roosevelt kupiga vita polio, na pesa hizo zikasaidia kupatikana kwa chanjo ya Jonas Salk mwaka 1955. Sasa shirika hilo linahangaikia watoto wanaozaliwa kabla ya wakati. Vidogo vya wengi vilitosha.

Cha kwanza kununuliwa kiwe mafuta ya boti. Cha pili, nakusihi, kisiwe mashine ya kuwapasha vichanga joto. Wafadhili hupenda mashine kwa kuwa hupigwa picha siku ya kukabidhiwa. Umeme ukikatika, au fundi akikosekana, husimama pembeni. Mwaka 1978 huko Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey alianza kuwaweka watoto wadogo kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kwa sababu mashine hazikutosha. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linataka jambo hilo lianze mara tu mtoto anapozaliwa, hata kabla hali yake haijatulia. Kifua mama anacho na leso anayo. Asichokuwa nacho ni kitanda cha kuegemea, chakula cha kila siku, na mtu wa kumpokea mtoto anapokwenda kuoga. Mama wa Ndau hawezi kukaa wodini wiki kadhaa akila biskuti, na watoto wengine wamebaki nyumbani. Hapo ndipo pesa zetu ziende.

Na elimu nayo isiishie kwenye mabango. Hapa kwetu neno la mwisho juu ya mzazi na mtoto wake analo bibi, au mama mkwe. Pelekeni wauguzi kwenye darsa za kina mama, wakaongee na hao. Waseme mtoto asioshwe mpaka saa 24 zipite. Waseme kitovu kisipakwe jivu wala mafuta. Kipakwe dawa ya klorheksidini tu, ile inayotolewa kliniki. Na mtoto asiyenyonya, au anayepumua mbio, au mwenye mwili wa baridi, apelekwe usiku huo huo.

Tarehe 17 Novemba ni siku ya dunia ya watoto wanaozaliwa kabla ya wakati. Kabla haijafika, tutajie akaunti ya mfuko na majina ya wasimamizi wake, wakiwemo kina mama wawili wa visiwani. Sisi tuko tayari kukaa na wazazi wodini kwa zamu, mchana na usiku. Tunangoja utupangie siku ya kuonana.

Wako,
Katibu, kikundi cha kina mama
Langoni, Lamu