Rekodi ya Harusi Imekwaruza: Kipi Tunaweza Kukirekebisha, Kipi Hatuwezi

Dada mmoja alituletea rekodi ya harusi ya mdogo wake. Kinasa sauti chake ni kizuri, cha bei, ila siku ile kiliwekwa juu ya spika "ili kishike vizuri". Tulipoifungua kwenye kompyuta, mawimbi ya sauti yalikuwa kama ua la michongoma lililofyekwa: juu bapa, chini bapa. Kila ngoma ilipolia, sauti ilivuka kikomo cha kinasa, na kilichovuka hakikurekodiwa. Programu zetu hukisia kilichokatwa, lakini kukisia si kurudisha. Alikuwa anakitafuta kigelegele cha bibi yake. Kimo, lakini ndani ya mikwaruzo. Ilituuma kumwambia hivyo.

Kwa hiyo tunakuomba: kabla ya shughuli, jaribu kurekodi muziki ukiwa juu kabisa, kisha punguza kiwango cha kurekodi mpaka kipimo kisimame karibu na desibeli -12 (desibeli ni kizio cha nguvu ya sauti). Kikigusa 0, ambayo ndiyo kikomo, umeshapoteza. Usiogope sauti kuwa ndogo, tutaikuza sisi. Rekodi ya biti 16, kama ya CD, ina nafasi ya desibeli 96 hivi kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa, kwa hiyo kushuka 12 si hasara.

Kwa anayerekodi mazungumzo, mfano wosia wa mzee sebuleni, adui ni umbali. Maiki ikisogezwa mbali mara mbili, sauti ya mzee hushuka desibeli 6 hivi, na feni ya dari inabaki vilevile. Kinasa kinachojipandishia sauti chenyewe huongeza balaa: mzee akinyamaza kuvuta pumzi, mvumo wa feni unapanda, akianza kusema, unazama. Zima mpangilio huo, zima na feni kama joto linavumilika, na uweke maiki shibiri moja au mbili kutoka mdomoni, pembeni kidogo.

Kuhusu aina ya faili, rekodi kwa WAV, isiyobana sauti, si MP3, inayoibana kwa kutupa sehemu yake. Ubora wa CD ni kilobiti 1,411 kwa sekunde. MP3 nyingi tunazoletewa ni kilobiti 128 tu. Kuigeuza MP3 iwe WAV hakurudishi kilichotupwa, ni kuhamisha maji nusu ndoo kwenye pipa. Saa moja ya WAV hula megabaiti 635 hivi, hivyo memori kadi ya GB 16 inatosha harusi nzima na kesho yake.

Na kama tatizo ni wakati wa kusikiliza tu, badilisha hedifoni kabla ya kununua pleya mpya. Rudisha pia besi kwenye sifuri, maana ikipandishwa mno nayo hukwaruza.

Ukituletea kazi, njoo na memori kadi yenyewe. Usiturushie kama sauti ya WhatsApp, kwa sababu hubanwa njiani. Ikibidi, itume kama hati. Faili la asili usilifute hata tukishakukabidhi kazi.