Mnapopima mitaa ya Tanga, wakumbukeni wasichana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo kuhusu upimaji wa viwanja na urasimishaji wa makazi unaoendelea pembezoni mwa Jiji letu la Tanga. Katika mikutano ya mtaa niliyohudhuria, mazungumzo yote yalikuwa ya mipaka, gharama za hati, na nani atavunjiwa ukuta kupisha barabara. Ni mambo ya msingi, sibishi. Ila mimi ni muuguzi mstaafu, na miaka yangu mingi ya kazi niliimaliza kliniki ya kina mama na ya wagonjwa wa sukari. Sijamsikia hata mmoja akiuliza mpango ule utawafanyia nini mabinti watakaokulia humo. Naliuliza mimi, maana maradhi mengi niliyoyaona kwa mama wa miaka 45 yalianzia mtaani kwao, akiwa bado msichana wa shule.

Marekani waliwahi kulipima jambo hili kwa namna ambayo ni vigumu kuibishia. Kati ya mwaka 1994 na 1998, serikali yao iliandikisha familia maskini zilizokuwa zikiishi katika nyumba za umma kwenye miji mitano: Baltimore, Boston, Chicago, Los Angeles na New York. Familia zikagawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja likapewa msaada wa kodi ya nyumba kwa sharti la kuhamia mtaa wenye umaskini mdogo, na jingine halikupewa. Baada ya miaka 10 hadi 15 kina mama wale walipimwa uzito na sukari ya damu. Katika kundi lililopewa nafasi ya kuhama, unene wa kupindukia na kisukari vilikuwa vichache kuliko kwa wenzao. La kushangaza ni kwamba kipato chao hakikuwa kimepanda. Kilichobadilika ni mtaa.

Watoto wao nao walifuatiliwa. Wasichana waliohama walipata nafuu ya sonona, lakini wavulana hawakuipata nafuu hiyo. Baadhi ya matatizo yao ya akili hata yaliongezeka. Watafiti walipokaa na wale wasichana na kuwasikiliza, walisikia habari ya kupungukiwa na hofu: hofu ya kushikwashikwa, kufuatwa njiani, kutukanwa na wanaume kila wakitoka nje.

Hofu hiyo na sisi tunayo. Nenda kwenye mitaa mipya iliyoota bila mpango, jioni, saa maji yanapofunguliwa kwenye bomba la mtaa. Utamkuta binti wa darasa la sita na dumu la lita 20, foleni haisogei, giza linaingia, na njia ya kurudi kwao ni uchochoro wa kupita mtu mmoja kati ya kuta mbili. Kwenye kona kuna kijiwe. Anaitwa majina, anazuiwa njia, anavutwa kanga. Akifika nyumbani akasema, mama yake atafanya nini? Atamkataza kutoka. Mimi ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo. Basi kuanzia hapo mtoto anashinda ndani, kaka zake wako uwanjani.

Na uwanja wenyewe ni wa nani? Mtaa ukibahatika kubakiza eneo la wazi, ni la mpira wa wavulana. Msichana akishavunja ungo, mchezo wake umekwisha. Hatakimbia tena mpaka daktari amwambie akiwa mtu mzima, pengine sukari imeshampata. Takwimu za kitaifa za afya zilionyesha kuwa wanawake wa Tanzania wenye uzito uliozidi au unene walikuwa asilimia 22 mwaka 2010, wakafikia asilimia 28 katika utafiti wa 2015-16. Tunawalaumu kwa chapati na soda. Chakula kinachangia, nami nimewasema sana kina mama juu ya sukari ya chai. Lakini mazoea ya mwili hujengwa utotoni, na mifupa pia: sehemu kubwa ya uimara wa mifupa ya mwanamke inapatikana kabla hajafika miaka 20.

Tanga tulikuwa na dawa yetu, nayo ni baiskeli. Mji huu ni tambarare, barabara za Ngamiani zimenyooka, na hapa mwanamke wa baibui juu ya baiskeli hajawahi kuwa kioja. Kina mama wamekwenda nayo sokoni, kazini na kliniki. Sasa mzazi anaogopa kumpa bintiye baiskeli kwa sababu ya mwendo wa bodaboda na malori, na sioni barabara mpya zikitengewa njia ya baiskeli pembeni. Hili linaniuma kuliko mengine, maana tulikuwa nacho kitu ambacho miji mingine inakitafuta.

Halafu kuna maji. Kichocho cha mkojo kimekuwepo mkoani kwetu tangu enzi za bibi zetu. Binti anaingia bwawani au kijitoni kufua na kuchota, vimelea kutoka kwa konokono vinapenya ngozi, na baadaye mayai ya minyoo hao yanakwama kwenye kibofu na hata kwenye shingo ya kizazi. Yakikaa huko huacha vidonda. Miaka inapita, ameshaolewa, anakuja kliniki na maumivu, damu baada ya tendo la ndoa, au hapati ujauzito. Wengi wa namna hii hutibiwa kama wana magonjwa ya zinaa, na kule nyumbani ndoa inaingia fitina kwa tuhuma isiyo yao. Vidonda hivyo vinamweka pia karibu zaidi na virusi vya ukimwi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa wanawake na wasichana hadi milioni 56 kusini mwa Sahara wanaweza kuwa na hali hii. Dawa ya prazikwanteli inaua minyoo, lakini vidonda vya zamani haviondoki kirahisi, kwa hiyo aliyecheleweshwa amecheleweshwa kweli. Dawa hizo hugawiwa zaidi shuleni. Binti aliyeacha shule anakosa.

Moshi wa kuni na mkaa nautaja kwa ufupi, kwa kuwa serikali imeshatangaza mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Anayekaa jikoni na mama yake tangu utotoni ni binti, na kifua chake ndicho kinachovuta.

Ninachoomba kwa madiwani na wataalamu wa mipango miji ni hiki. Kabla ramani ya mtaa haijapitishwa, waitwe kina mama na wasichana wa pale waulizwe wanachota maji wapi, wanapita njia ipi usiku, na wanacheza wapi. Bomba liwekwe mahali penye taa na penye macho ya watu. Eneo la wazi liwe na saa za wasichana, na mwenyekiti wa mtaa azisimamie. Barabara pana zipate njia ya baiskeli tangu zinapochorwa, kwa sababu kuta zikishajengwa hakuna atakayekubali kuzivunja.

Kwa wauguzi wenzangu mlioko kazini: mama akija na damu isiyoeleweka, au kutopata mtoto, kabla ya kumwandikia dawa za zinaa kwa mara ya tatu, muulizeni alikulia wapi na walikuwa wakioga maji gani. Jibu liandikwe kwenye kadi yake.

Muuguzi mstaafu,
Makorora, Tanga