Risala ya Madereva Bodaboda wa Kijiwe cha Mbezi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya ya Ubungo, Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wa Kata, maofisa wa Usalama Barabarani mlioko nasi, mwenyekiti wa mtaa, wamiliki wa pikipiki, ambao huku tunawaita mabosi, mama yetu wa chai, wanachama wenzangu, mabibi na mabwana. Itifaki imezingatiwa.

Tunamshukuru Mungu kwa kutukutanisha, na tunakushukuru wewe kwa kuja kijiweni kwetu, penye vumbi na turubai la kuazima, badala ya kutuita ofisini. Karibu sana.

Leo wenzetu 17 wamemaliza mafunzo ya udereva na watapokea leseni daraja A kutoka mkononi mwako. Ada tumelipiana kwa mchango wa shilingi 1,000 kwa siku. Ndiyo mafanikio yetu makubwa kwa mwaka huu. Kuna mengine, ila hayo yameandikwa kwenye taarifa uliyokabidhiwa, na jua ni kali. Tunaomba nafasi hii tuitumie kuzungumzia pombe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kijiwe chetu kinaishi kwa stendi ya Magufuli. Tangu mabasi ya mikoani yaruhusiwe kusafiri saa 24, Oktoba 2023, kichwa, yaani abiria, hakisubiri kupambazuke. Saa tisa usiku simu inaita: "Nifuate, nina basi." Saa kumi alfajiri ndipo tunapopata hela nzuri, na ndipo tunapokuwa hatari zaidi, kwa sababu waliokunywa jana usiku hawajalevuka, hata kama wao wenyewe wanaamini wamelevuka.

Tulipoanza mafunzo, mwalimu alitupigia hesabu ubaoni. Chupa moja ya bia ya nusu lita, mwili unahitaji saa mbili hadi mbili na nusu kuimaliza. Mtu akianza saa mbili usiku akanywa bia sita, saa kumi alfajiri anapowasha pikipiki bado anatembea na bia mbili au zaidi ndani yake. Kahawa haiziondoi. Maji ya baridi hayaziondoi. Supu ya utumbo yenye pilipili na limau inamtoa jasho tu, bia ziko palepale. Na yule anayezimua asubuhi kwa kimoja cha haraka, huyo ameongeza deni. Ukumbi ulikaa kimya, Mheshimiwa, kwa sababu kila mmoja alikuwa anajipigia hesabu ya jana yake.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ambayo ina umri mkubwa kuliko mwanachama yeyote hapa ukimtoa mzee wetu mlezi, imeweka kikomo cha miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi 50. Sisi kijiweni tumeamua sifuri, maana hakuna anayeweza kupima miligramu kwa ulimi.

Uamuzi huo haukutokana na hekima yetu. Mwaka jana mwenzetu alikunywa hadi saa sita usiku, akalala kidogo, akaoga, akabadilisha shati. Alfajiri akamfuata mama mmoja aliyekuwa anasafiri kwenda msibani. Mama alikuwa na begi la shangazi kaja mapajani. Kofia ngumu ilikuwa moja, kichwani kwa dereva. Kwenye mteremko kulikuwa na lori limeharibika pembeni, halina pembetatu, limewekewa matawi ya mti kama alama. Mwenzetu anasema aliyaona matawi. Anasema aliyaona vizuri kabisa, ila mkono ulichelewa kufika kwenye breki.

Pikipiki ikiwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa inakata karibu mita 14 kila sekunde. Mkono wake ulichelewa sekunde hiyo.

Tulipofika tulikuta mchele umemwagika barabarani, na yule mama, paja limevunjika, anatuomba tumwokotee kitenge cha sare ya msiba kisikanyagwe. Alilazwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili wiki nyingi. Tulimchangia. Mara ya kwanza tulipokwenda kumwona alituuliza kama kijana wetu mzima. Hakuna aliyejua pa kutazama.

Sasa, Mheshimiwa, tuseme jambo ambalo huenda likawakera wageni wetu wengine. Siku ile askari walikuja, wakapima barabara kwa futi, wakaandika, PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi kwenda kutibiwa, ikatolewa. Hakuna aliyemwambia mwenzetu apulize. Kwenye maandishi ajali ile ni ya mwendo kasi na lori lililoegeshwa vibaya. Pombe haimo. Tunajiuliza ni ajali ngapi zimeandikwa hivyo.

Mchana trafiki yupo. Kofia, kioo cha pembeni, mishikaki ya kubeba abiria zaidi ya mmoja, kupita njia ya mwendokasi, hayo anayaona kwa macho akiwa amesimama kivulini, na anayo haki kutukamata. Tunashukuru pia kwamba mwaka 2021 Serikali ilitupunguzia faini kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Lakini pombe haionekani kwa macho, na inatembea saa ambazo barabara haina trafiki. Kuanzia saa nne usiku, kwenye barabara za ndani zenye baa mlango kwa mlango, dereva anakutana na mbwa tu. Na hata anapokamatwa, kuna hela ya maji. Hili tunalisema tukiwa wakosaji, kwa sababu anayeitoa ni sisi.

Viroba, zile pombe kali za vifuko vya plastiki, vilipopigwa marufuku Machi 2017 tulidhani tumepona. Zamani dereva alikuwa navyo mfuko wa jaketi kama njugu. Vikaja vichupa vidogo, na mfuko wa jaketi ni uleule.

Tumejaribu wenyewe, kwa uwezo wetu. Pale kwenye kibanda cha mama wa chai kuna msumari. Dereva yeyote, kabla ya kuchukua abiria wa kwanza, anapita kunywa chai ya rangi, ikiwa ya moto sana makusudi. Mama anasimama mbele yake. Anapoipuliza ipoe, mama ananusa. Akitikisa kichwa, funguo inatundikwa msumarini mpaka saa sita mchana. Baadhi yenu mmecheka, lakini ndicho kipimo pekee tulichonacho, na kuna alfajiri tumekuta funguo tatu zinaning'inia.

Kimetugharimu. Wawili walihama kijiwe. Mmoja alisema hawezi kuhukumiwa na pua ya mtu, na kwa kweli hatukuwa na jibu. Kuna pia suala la hesabu: funguo ikiwa msumarini, bosi bado anataka shilingi 10,000 zake jioni, na kijana akikosa, kesho chombo kinapewa deiwaka, dereva wa kutwa, ambaye hatumjui wala hapiti kwa mama. Tumezungumza na mabosi. Wengine wamekubali kusamehe nusu ya hesabu ya siku hiyo, na tunawashukuru mbele yako. Wengine wamo humu ndani na bado wanafikiria. Tunawaomba wafikirie haraka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatukuombi jengo wala mashine ya kuosha pikipiki, ingawa ilikuwa kwenye rasimu ya kwanza ya risala hii. Tunaomba askari wenye vipima ulevi waonekane usiku na alfajiri, kwenye barabara za ndani na kwenye lango la kuingilia stendi, na waanze na sisi. Tunaomba kila ajali yenye majeruhi, dereva apulize palepale, awe wa bodaboda, wa daladala au wa gari la kifahari, na kilichosomwa kiandikwe. Malori yaliyoharibika usiku yawekewe pembetatu, matawi yabaki mtini.

Na kama itawezekana, tunaomba kipima ulevi kimoja kikae kijiweni chini ya usimamizi wa polisi kata. Mama wa chai amesema yuko tayari kufundishwa kukitumia. Anasema pua yake imechoka, na kila akipata mafua funguo zote zinatoka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.