Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri yetu: rampu zipimwe, zisihesabiwe tu

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kwa heshima zote, tunakuandikia hadharani sisi watumiaji wa viti mwendo na mafundi wanaovitengeneza, maana barua tulizoleta ofisini hazijajibiwa. Wiki iliyopita mama mjamzito amebebwa mzegamzega na vijana kuingizwa zahanati mpya, kiti chake kikabaki nje juani. Taarifa ya utekelezaji inasema zahanati hiyo ni rafiki kwa watu wenye ulemavu. Fomu iliuliza, "Je, jengo lina rampu?" Ikajibiwa, "Ndiyo."

Rampu, yaani njia ya mwinamo ya kupandia na kiti mwendo, ipo, na tumeipima kwa futi kamba. Baraza limeinuka sentimita 60 kutoka ardhini, na rampu inaenda mbele mita 2.4 tu. Yaani kila sentimita 4 unapanda 1. Kipimo kinachokubalika ni 12 kwa 1, kwa hiyo zilihitajika mita 7.2. Kwenye mwinuko mkali namna ile uzito wa mtu unahamia nyuma, magurudumu madogo ya mbele yananyanyuka, kiti kinapinduka chali. Ukisukumwa pia huna usalama: msukumaji akiteleza, mnarudi chini wote wawili. Na kuteleza hapo ni lazima, kwani juu wamebandika vigae laini vya sebuleni, na pembeni hakuna hata bomba la kushika. Ukifika juu, mlango unafungukia nje, na hakuna mita 1.5 ya sakafu tambarare ya kuegesha kiti wakati unauvuta.

Fundi hatumlaumu. Tunavyoona, mchoro uliandikwa "rampu" bila vipimo, naye akajaza nafasi iliyokuwepo kati ya baraza na mfereji. Kifusi na zege la karibu mita 5 zaidi huenda havikuwemo kwenye mchanganuo wa gharama. Nafasi ikiwa finyu, rampu hukunjwa: unapanda nusu, unakuta jukwaa tambarare la mita 1.5, unageuka, unamalizia. Pale ingewezekana, kiwanja kinatosha.

Mheshimiwa, nchi yetu Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga sheria yake mwaka 2010. Nawe ulituahidi mbele ya madiwani kwamba hakuna jengo litakalopokelewa kabla hatujalikagua. Hili limepokelewa. Hatukuitwa.

Ombi letu ni moja. Kabla ya malipo ya mwisho ya jengo lolote, rampu ipimwe, na mtumiaji wa kiti mwendo aipande mwenyewe bila kusukumwa. Asipoweza, jengo lisipokelewe. Zahanati ya kata ya jirani imefika kwenye lenta na baraza bado halijamwagwa zege. Tuiteni sasa, kabla halijamwagwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Watumiaji wa viti mwendo na mafundi wao