Bei ya hita ya kuni isiishie kwenye chombo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wauzaji na mafundi wa hapa Malindi kuhusu hita za kuni za kupashia maji ya kuogea.

Mji wetu ni wa joto, lakini asubuhi za kusi, mzee, mgonjwa na mzazi aliye ndani ya arobaini yake huhitaji maji moto, na bili ya stima inawaelemea wengi. Haja hiyo ni ya kweli. Linalonisikitisha ni kwamba muuzaji hutaja bei ya chombo tu, mnunuzi akajipanga kwa bei hiyo, kisha fundi afikapo ndipo mengine yanapojitokeza: tangi lililoinuliwa juu kuliko hita, jukwaa la kulibeba, msingi wa saruji, dohani, na njia ya pili ya mabomba hadi bafuni. Mabomba ya PVC hayafai kwa kazi hii, kwa kuwa hulainika maji yanapofikia nyuzi 60 hivi. Karibu na tanuri hutakiwa chuma, na kwingineko PPR, yaani plastiki inayostahimili maji moto. Nyumba ikiwa imekwisha kujengwa, kubomoa ukuta na kurudishia vigae ni gharama nyingine.

Mwenye kubana matumizi huambiwa aache bomba la kupumulia, lile linalopanda kutoka kichwani mwa hita hadi juu ya usawa wa maji ya tangi na kuachwa wazi. Hapo nasema kwa mkazo: lisiachwe. Moto wa kuni hauzimwi kwa swichi, na mvuke ukikosa pa kutokea, chuma hupasuka. Fundi anayekubali kuliacha anahatarisha watoto wa watu.

Maji ya visima vyetu, yatokayo katika mawe ya matumbawe, yana chokaa, na mengine yana chumvi. Ule ukoko mweupe tunaoukwangua kwenye birika hugandamana pia ndani ya hita, joto likapita kwa shida na kuni zikaliwa zaidi, huku chumvi ikileta kutu. Hita isiyo na mahali pa kufungulia na kusafisha haifai pwani, hata iwe rahisi namna gani.

Kuhusu kuni zenyewe, kupasha lita 100 kutoka nyuzi 27 hadi 60 huhitaji takriban yuniti 4 za stima, au kilo 3 hivi za kuni kavu ikiwa thuluthi moja ya joto inaingia majini. Makumbi, vifuu na matawi makavu ya mvinje yanaweza kuifanya kazi hiyo bila kugusa msitu wa Arabuko-Sokoke wala mikoko ya Mida.

Naomba kila muuzaji aandike makadirio kamili, mabomba na ufundi vikiwemo, kabla hajapokea malipo ya kwanza.

Msomaji wako,
Malindi