Mifumo ya ushirika ichaguliwe kwa kuangalia mbali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo viongozi wengi wa vyama vya msingi vya ushirika huku Mtwara na Lindi huwaachia wazabuni waliamue peke yao, nalo ni teknolojia inayotumika kujenga sura ya mfumo wa kompyuta, yaani zile kurasa, fomu na vitufe ambavyo karani wa mizani na mhasibu hushinda navyo msimu mzima wa korosho. Bei huulizwa, na muda wa kukamilisha kazi huulizwa. Mfumo umejengwa kwa kitu gani, na kitu hicho kiko mikononi mwa nani, ni maswali yanayosikika kwa nadra, ingawa ndiyo yanayoamua kama mfumo huo utafunguka miaka kumi ijayo.

Zamani kidogo, aliyetaka ukurasa wa wavuti wenye michoro na majedwali yanayobadilika papo hapo, mithili ya programu ya kompyuta ya mezani, alitumia Flash ya Adobe, Silverlight ya Microsoft au vijiprogramu vya Java, na vyote vilihitaji programu-jalizi, yaani kijiprogramu cha nyongeza, iwekwe kwenye kivinjari. Adobe iliacha kuitunza Flash tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 ikazuia kazi za Flash zisifunguke kabisa. Silverlight, iliyotoka mwaka 2007, iliachwa rasmi Oktoba 2021. Waliojenga mifumo yao humo walilazimika kuijenga upya, si kwa sababu ilikuwa na kasoro, bali kwa sababu mwenye programu-jalizi alikuwa ameondoka.

Ipo hoja kwamba siku hizi tatizo hilo limekwisha, kwa kuwa maktaba, yaani vifurushi vya msimbo (maagizo ya programu) ulioandikwa tayari, kama React na Vue ni za wazi, msimbo wake ukisomeka na kila mtu, na hazilipiwi. Hoja hiyo ina ukweli wa nusu. AngularJS ya Google, maktaba iliyotoka mwaka 2010, nayo ilikuwa ya wazi. Mwaka 2016 ikaja Angular mpya isiyooana nayo, na ile ya kwanza ikaacha kutunzwa mwishoni mwa mwaka 2021. Hata hivyo, kurasa zilizojengwa kwa AngularJS bado zinafunguka hadi leo, kwa sababu chini yake kuna HTML, CSS na JavaScript, lugha za kuandikia kurasa za wavuti ambazo kila kivinjari huzielewa bila kuongezewa kitu. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipimo kinachofaa kutangulia vingine vyote: maktaba ikiachwa na wenyewe, je, mfumo unabaki umesimama wakati mnatafuta fundi mwingine?

Kipimo cha pili ni mtandao. Mei 2024 Kimbunga Hidaya na mvua zake viliharibu barabara yetu ya kwenda Dar es Salaam, na siku chache baadaye nyaya za EASSy na Seacom zilizopita chini ya bahari zikakatika, intaneti ikayumba nchi nzima; tukawa hatuna pa kupitia, nchi kavu wala baharini. Katika hali kama hiyo hata mfumo wenye seva yake Dar es Salaam unaweza kukwama, iwapo aliyeujenga ameufanya uvute mitindo ya herufi na maktaba zake kutoka seva za nje ya nchi kila ukurasa unapofunguliwa. Ni uzembe mdogo ambao hauonekani siku ya maonyesho.

Dawa ipo, na haihitaji fedha nyingi. Vivinjari vya sasa vina sevisi woka, ambayo huhifadhi kurasa za mfumo ndani ya kompyuta au simu yenyewe, na vina hifadhidata ya kutunzia kumbukumbu humo humo, iitwayo IndexedDB, hivyo karani wa Tandahimba au Liwale anaweza kuendelea kupokea magunia na kuandika uzito bila mtandao, kisha kumbukumbu zikatumwa mtandao unaporudi. Mjenzi lazima apange mapema namba za stakabadhi, kila kituo kiwe na herufi zake za mwanzo, la sivyo vituo viwili vilivyokuwa nje ya mtandao vitatoa namba moja kwa wakulima wawili. Vilevile, mtu akifuta data za kivinjari kabla hazijatumwa, zimepotea. Kwa hiyo nakala ya karatasi isidharauliwe.

Kuhusu programu za mezani, sikubaliani na wanaosema zimepitwa na wakati. Pale mizani ya kielektroniki inapounganishwa kwa waya, programu ya mezani bado ni salama zaidi, kwani si kila kivinjari kinachoruhusu ukurasa wa wavuti kusoma kifaa cha namna hiyo. Lakini hapa pia kuna mtego. Electron, zana ya kujengea programu za mezani kwa teknolojia ya wavuti iliyoanzia GitHub mwaka 2013, hubeba kivinjari kizima cha Chromium ndani ya kila programu, kiasi kwamba hata programu isiyofanya lolote la maana huzidi megabaiti 100, na tangu toleo lake la 23 la mwaka 2023 haifanyi kazi tena kwenye Windows 7. Chama chenye kompyuta kuukuu kitaambiwa kinunue mpya. Tauri, zana nyingine ya namna hiyo, ni nyepesi zaidi kwa kuwa hutumia kivinjari kilichomo tayari ndani ya kompyuta, ingawa sura ya mfumo inaweza kutofautiana kidogo kati ya mashine na mashine. Qt, nayo zana ya kujengea programu za mezani, imekuwapo tangu mwaka 1995 na ni imara, ila kumpata fundi wake huku kwetu ni kazi.

Ninachopendekeza ni kwamba vyama vikuu, kwa kuwa ndivyo vyenye sauti mbele ya wazabuni, viweke masharti haya ndani ya mkataba, pamoja na sharti la kukabidhiwa msimbo wote wa mfumo. Na siku mzabuni anapokuja kuonyesha kazi yake, aombwe azime intaneti ukumbini, apokee gunia moja na kuchapa stakabadhi yake mbele ya wajumbe kabla malipo ya awamu ya kwanza hayajaidhinishwa.

Mtengenezaji wa mifumo ya kompyuta,
Mtwara